Stripu za mlangoni sio urembo, muulize anayeburuta mguu

Watu wakijenga au wakikarabati wanaongea weee kuhusu marumaru, rangi za ukuta, jipsamu, taa za kisasa, ila kile kipande chembamba kinachokaa mlangoni pale sakafu ya korido inapoishia na ya chumba inapoanzia hakuna anayekiwaza. Kinanunuliwa siku ya mwisho fundi ameshakusanya vifaa vyake, anakwambia "dada nitumie hela kidogo nikachukue stripu hapo dukani" na anarudi na yoyote aliyoikuta. Mimi nataka nikiongelee kwa kirefu maana nimekaa nacho sana kichwani, na nimeona kwa macho yangu kinavyoweza kumzuia mtu asitoke chumbani kwake mwenyewe.

Nyumba yetu ipo Tabata, imejengwa kwa awamu kama nyumba nyingi za hapa Dar. Sebule na korido tuliweka marumaru, zile kubwa za sentimita 60 kwa 60, vyumba vikabaki vimepigwa niru, ile saruji ya kulainisha sakafu, na maisha yakaendelea vizuri tu. Mama alipopata kiharusi akaja kukaa na sisi ndo sakafu za vyumba zikawa jambo la haraka. Upande wake wa kulia ulilegea, anatembea na kitembezi, ile fremu ya alumini ya kushika kwa mikono miwili yenye vigurudumu viwili vidogo mbele, na mguu wa kulia haunyanyuki sawasawa, vidole vinaburuta chini. Mtaalamu wa mazoezi alitueleza kwamba ni kawaida kwa waliopata kiharusi, misuli ya kunyanyua unyayo inakosa nguvu kwahiyo mtu akipiga hatua ncha ya mguu ndo inatangulia kugusa chini badala ya kisigino. Akatuambia tuondoe mikeka na mazulia madogo yote yanayoteleza, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea, akasema na milangoni pakoje?

Milangoni palikuwa hivi: marumaru za korido zimekaa juu kuliko niru ya vyumbani, marumaru yenyewe milimita 10 na gundi yake chini kama milimita 4, jumla 14. Mtu mwenye afya hata hajui kama pana ngazi pale, unapita na ndoo ya maji kichwani bila kufikiri. Mama akitaka kutoka chumbani vigurudumu vinagonga ukingo wa marumaru vinasimama, inabidi anyanyue kitembezi chote kwa mkono mmoja wenye nguvu, na akinyanyua mwili unarudi nyuma. Milimita 14 tu jamani, unene wa kidole.

Kwahiyo kitu cha kwanza, stripu inachaguliwa kwa tepu. Kabla hujauliza rangi ya dhahabu au ya fedha jua sakafu hii ikishakamilika itasimama juu kiasi gani na ile nyingine kiasi gani, na hapo unahesabu kila tabaka, marumaru na gundi yake, lamineti (zile mbao bandia za sakafu) na lile sponji linalotandikwa chini yake, zulia na kitambaa chake cha chini. Kwetu hesabu ilikuwa marumaru 14, lamineti ya vyumba vya watoto milimita 8 na sponji 3 ikawa 11, yaani tofauti 3 tu. Chumba cha mama tulitaka vinili, ile sakafu ya plastiki, ya milimita 2 ya kugundisha juu ya niru, hapo tofauti ni 12. Nyumba moja, korido moja, milango inayotazamana, na kila mmoja unataka kitu chake. Fundi wa kwanza tuliyemwita alitaka kuchukua stripu za aina moja kwa milango yote ili zifanane, na kwa macho zingefanana kweli, ila miguu isingekubali.

Kama sakafu zako zipo tayari kupima ni rahisi, unalaza pima maji au rula ya fundi juu ya sakafu iliyo juu ipitilize kwenye ile ya chini, unapima uwazi uliobaki chini ya rula. Pima kushoto kwa mlango, katikati na kulia, kwasababu jamvi zetu, lile zege la chini ya sakafu, hazilingani, kwetu mlango mmoja ulikuwa na milimita 11 upande mmoja na 15 upande wa pili. Kama bado hujaweka sakafu, omba dukani kipande cha marumaru na kipande cha lamineti na sponji lake uviweke mezani kimoja pembeni ya kingine, utaona kwa jicho lako. Usiende na namba aliyokutajia muuzaji kwa mdomo, anayosema ya 8 unaweza kukuta ni ya 7.

Sasa ukishajua tofauti, tofauti ikiwa ndogo isiyozidi milimita 3 hivi unaweza kutumia ile yenye umbo la herufi T, mguu wake unaingia kwenye pengo kati ya sakafu mbili na kofia inalala juu inafunika kingo zote. Ikizidi hapo kofia inalalia upande, ukingo mmoja unabaki umeinuka, na huo ukingo ndo unaokamata kidole cha mtoto anayekimbia peku au nguo ya mtu anayeburuta. Tofauti kubwa zaidi inataka stripu ya mteremko, upande mmoja umesimama sawa na sakafu ya juu na mwingine umechongwa unashuka taratibu hadi chini. Kuna na zile bapa za kulaza tu na kupiga skrubu, nzuri sana pale sakafu zinapolingana kabisa. Ila wengi wananunua bapa kwasababu ndo rahisi kupatikana halafu wanaikunja kwa nyundo ishuke, inatoka mawimbi, baada ya muda inaanza kupiga kelele kila ukiikanyaga.

Vyumba vya watoto vilinifundisha kuhusu lile pengo lenyewe. Lamineti ndani yake ni unga wa nyuzi za mbao ulioshindiliwa, na mbao inavuta unyevu kutoka hewani, sasa fikiria Dar kipindi cha masika hewa ilivyo. Inatanuka, kiangazi inasinyaa. Ndo maana inawekwa bila kugundishwa chini, inaelea, na pembeni kote inaachiwa milimita 8 hadi 10 ambazo skating, kile kipande kinachozunguka chini ya ukuta, inakuja kuzifunika. Mafundi wengi hilo la ukutani wanalijua vizuri, ila wakifika mlangoni wanaibananisha na marumaru "ikae imebana ipendeze". Kwa shemeji yangu Mbezi walifanya hivyo, tena stripu ikapigwa skrubu zikapita kwenye lamineti yenyewe hadi kwenye zege, mvua za masika zilipokolea sakafu ikainuka katikati ya chumba ukikanyaga inadunda. Fundi akasema lamineti ni feki. Ilikuwa haina pa kwenda tu, ukuta unazuia huku na skrubu zinaizuia kule.

Kwetu nilisimama mlangoni wakati inakatwa. Tulichukua T yenye kofia ya milimita 40, tukaacha pengo la 20 kati ya marumaru na lamineti, kwahiyo kofia inafunika milimita 10 kila upande, na kwa kuwa mguu wa T ni mwembamba lamineti imebaki na nafasi yake ya kupumua. Skrubu zinaingia kwenye zege katikati ya pengo, hazigusi lamineti wala marumaru. Hili la marumaru nalo lishike, ukitoboa marumaru karibu na ukingo wake inapasuka, na ukishapasua marumaru ya mlangoni uombe Mungu dukani bado wanazo za rangi ileile maana rangi zinatofautiana toleo hadi toleo. Na usikubali lamineti moja ipitilize vyumba viwili bila stripu katikati eti kwasababu inapendeza kuonekana ndefu, kila chumba kiwe na sakafu yake inayotembea yenyewe.

Turudi kwa mama, maana hapo ndo palipochukua akili nyingi.

Kwanini vinili na sio marumaru kama korido, watu waliniuliza sana. Mama anapenda kukaa chini akichambua mchele au dagaa, marumaru ni baridi, na mtu ambaye anaweza kuanguka sikutaka aangukie kitu kigumu vile. Vinili ina ulaini kidogo na haitelezi kirahisi kama marumaru za kung'aa. Tukaamua hivyo tukijua pale mlangoni tutakuwa na milimita 12. Dukani Kariakoo nikapata stripu nzuri kabisa ya mteremko, alumini nene ina mistari ya kuzuia kuteleza, upana wake sentimita 4 na nusu. Fundi akaniambia dada hii ndo yenyewe. Kabla haijafungwa nikaomba tuilaze tu pale, tukatandika kipande cha vinili mbele yake, nikamwita mama ajaribu, mimi nimeshika mkanda wake kwa nyuma na mume wangu yupo upande wa korido. Kuingia chumbani akashuka vizuri. Kutoka, vigurudumu vikapanda nusu vikakwama, na ncha ya mguu wa kulia ikagonga mwanzo wa mteremko. Akasema, "Mwanangu, hiki kitu kinanisukuma nyuma."

Nikakaa chini nikapiga hesabu. Upana wa milimita 45 kupanda 12, ni kwamba kila sentimita 4 karibu unapanda 1, huo ni mwinuko mkali. Njia za viti vya magurudumu kwenye majengo kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, kupanda sentimita 1 uwe umetembea sentimita 12, kwahiyo milimita 12 zetu zingehitaji karibu sentimita 14 na nusu. Nilisoma pia viwango vya Marekani vya mwaka 2010 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, vinaruhusu kizingiti cha mlango kisichozidi milimita 13, na kikizidi milimita 6 sehemu inayozidi lazima ichongwe mteremko, Uingereza wao wanaishia milimita 15. Kwa hizo namba mlango wetu ungefaulu mtihani! Ila hizo ni kwa ajili ya kupita, kiti cha magurudumu kikisukumwa na mtu mwenye mikono mizima kinapita, mguu unaoburuta vidole haupiti hivyohivyo. Mimi naona ukiwa na mgonjwa ndani vipimo vya kitabuni ni mwanzo tu wa mazungumzo, mwisho ni kumwita mwenyewe apite.

Aliyetuvusha ni fundi mwingine, mzee wa makamo, alipoangalia akasema mbona mnahangaika na stripu wakati kilichokosewa ni sakafu, inueni sakafu ije ikutane na korido, stripu itabaki kazi yake ni kufunika mshono tu. Na ndivyo tulivyofanya. Niru ni laini imeng'arishwa, kitu kipya hakishiki juu yake, kwahiyo wakaidonoadonoa kwa tindo eneo lote la mlangoni kuingia ndani kama mita moja, wakafagia vumbi lote, wakalowanisha. Mchanga na saruji mwembamba vile ungepasuka na kubanduka vipandevipande, hivyo wakatumia gundi ya marumaru ile ya mfuko, wakaitandaza kwa matabaka, la kwanza likakauka ndo likaja la pili, wakivuta na rula kutoka unene wa karibu milimita 12 pale mlangoni hadi sifuri ndani ya chumba. Milimita 12 kwa mita moja huwezi kuuhisi mwinuko kabisa. Ilipokauka wakaisugua kwa msasa, kwasababu vinili ni nyembamba, hata chembe ya mchanga ikibaki chini inakuja kuonekana juu kama kipele. Wakagundisha vinili, ikafika mlangoni iko sawa na marumaru, juu ya mshono ikalazwa alumini bapa ya milimita 2 kingo zake zimechongwa kuwa nyembamba, skrubu zake vichwa vimezama ndani.

Milimita mbili anazivuka. Si kwamba hakuna kazi tena, bado mtu anakuwa naye, ila kitembezi kinapita bila kunyanyuliwa na hiyo kwake ni tofauti ya kwenda sebuleni anapotaka na kusubiri mtu atoke kazini.

Mlango wa choo ndo mgumu kuliko yote na sitaki kudanganya kwamba una jibu moja. Maji yanataka kizuizi, miguu haitaki. Sisi watu wa kuoga kwa ndoo na kopo, kutawadha, kudeki kwa kumwaga maji, choo chetu cha korido kilikuwa na kijitofali cha saruji mlangoni karibu sentimita 4 kuzuia maji yasitoke, na kilifanya kazi yake vizuri. Kwa mama kilikuwa ukuta. Tukakivunja, na sakafu ya ndani ikarudiwa upya ikiwa na mteremko wa kwenda kwenye tundu la maji, ikaachwa chini ya korido kwa milimita 10 tu. Pale mlangoni tukaenda kwa wale wanaochonga makaunta ya jikoni, wana vipande vya granaiti vilivyobaki, wakatukatia kimoja cha upana wa sentimita 12 kikachongwa kishuke hizo milimita 10, yaani ni ule ule mteremko wa 1 kwa 12. Nikawaambia wasiking'arishe uso wa juu, granaiti iliyong'arishwa ikilowa ni hatari, wauache na ukwaruzo. Kikagundishwa, pembeni na chini silikoni. Maji kidogo yanachungulia koridoni akioga mtu mwenye fujo, tunaweka dekio pale mlangoni na pazia la plastiki ndani, naona ni bei ndogo. Ila kama pembeni ya choo chako ni chumba chenye lamineti hapo usithubutu kuvunja kizuizi bila kufikiri, maji yakiingia chini ya lamineti kingo zinavimba na hazirudi tena.

Zulia la ukuta kwa ukuta tunalo chumba kidogo cha kuswalia tu, hapo inatakiwa stripu yenye meno yanayouma ukingo wa zulia halafu inafunikwa kwa kupigwa nyundo na kipande cha mbao juu yake. Pitisha mkono baada ya fundi kumaliza uone hakuna jino lililochungulia, watu wanaingia pale peku.

Kuna jambo lilinifungua macho kwa shangazi yangu anayekaa kwenye yale majengo ya zamani Upanga. Sakafu yake ni teraso, na ukiangalia vizuri ina mistari myembamba ya shaba inayogawa rangi moja na nyingine, mpaka kwenye milango. Ukipitisha kidole husikii kitu, maana teraso ikishamwagwa na kukauka inasagwa kwa mashine pamoja na ile shaba yote kwa mara moja, vinatoka usawa mmoja. Miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kujikwaa. Hiyo kazi stripu ya kuja kubandika juu haiwezi kuifikia, ila unaweza kuikaribia kama unaweka marumaru mpya pande zote mbili au marumaru na kitu kingine cha unene unaojulikana, kuna profaili za umbo la L, bawa lake lina matundu linazamishwa kwenye gundi chini ya marumaru na ukingo wake unasimama sawasawa na uso wa marumaru. Alianzisha fundi wa marumaru wa Kijerumani, Werner Schlüter, mwaka 1975, sasa hivi zinatengenezwa na watu wengi na kwa vimo tofauti, 8, 10, 12 na nusu, unachagua kinacholingana na marumaru yako. Sharti lake ni moja, lazima iwepo kabla fundi hajachanganya gundi. Marumaru zikishalala umechelewa, unabaki na za kubandika juu.

Halafu kuna suala la wapi hasa mshono ukae. Funga mlango kwanza. Stripu inatakiwa ilale chini ya ubao wa mlango ukiwa umefungwa, ili ukiwa koridoni uone sakafu ya korido tu na ukiwa chumbani uone ya chumba tu. Mlango wa mbao una unene wa kama sentimita 4, funga, piga mstari kwa penseli chini mbele na nyuma, katikati ya mistari hiyo ndo mshono. Mafundi wa marumaru wana tabia ya kuishia kwenye ukingo wa fremu upande wa korido maana ndo rahisi kwao, matokeo yake ukifunga mlango unabaki na ukanda wa rangi ya chumbani unachungulia nje. Mwambie kabla hajaanza. Na hapohapo angalia mlango unafunguka kuelekea wapi na chini yake pana uwazi kiasi gani, kofia ya stripu inaongeza milimita 4 au 5, mlango wa mninga ukianza kukwaruza alumini kila asubuhi utajua. Sisi milango miwili ilitolewa kwenye bawaba ikapigwa randa chini, na hiyo fanya mapema kabla ya kupaka vanishi.

Kuhusu kufunga. Zile zenye gundi nyuma za kubandua karatasi na kubandika zinavutia kwasababu hazina skrubu, na kwenye marumaru safi kavu zinakaa, ila kwenye saruji yenye vumbi na nyumba inayodekiwa kwa maji kila siku zinaachia ncha, na ncha iliyoachia ni mbaya kuliko kutokuwa na stripu. Kama unazitumia futa kwa spiriti kwanza na acha pakauke kabisa. Mimi napenda skrubu za kuonekana, vichwa vikizama vizuri, au zile za vipande viwili ambapo reli inafungwa chini na kifuniko kinapachikwa juu hakuna skrubu inayoonekana. Skrubu ziwe za stenilesi, huku pwani hewa ya chumvi inakula skrubu za kawaida, zinatoa kutu ya kahawia inachora alumini na marumaru na haitoki. Na kabla ya drili kugusa zege uliza mabomba ya maji yamepita wapi, mlangoni kwa choo na jikoni ndo njia yao mara nyingi kwenye nyumba zetu, pale usitoboe, tumia gundi nzito na uweke kitu kizito juu yake mpaka ishike.

Rangi nayo ina akili yake. Nilidhani stripu ionekane wazi kila mahali ili mama aione, mtaalamu wa mazoezi akanirekebisha, pale penye mwinuko wa kweli kama choo ndo iwe tofauti kabisa na sakafu, ila pale sakafu zilipolingana ifanane nazo, kwasababu kwa baadhi ya wazee, hasa wenye ugonjwa wa kusahau, mstari mweusi sakafuni unaonekana kama shimo au ngazi, mtu anasimama anaogopa kuvuka au ananyanyua mguu bure anapoteza mizani. Kwahiyo ya chumba cha mama ni rangi ya mchanga karibu sawa na marumaru, ya choo granaiti nyeusi kwenye marumaru nyeupe. Shaba ni nzuri mno lakini huku inaota weusi haraka, kama una mtu wa kuisugua na ndimu weka, kama huna chukua alumini.

Ukienda kununua nenda na upana wa mlango uliopimwa chini kabisa sakafuni kati ya fremu na fremu, sio juu, fremu nyingi chini zimebanana au zimeachana. Zinauzwa vipande vya sentimita 90 vya mlango mmoja na ndefu za mita 2.7, ndefu moja inatoa milango mitatu ya sentimita 80 na kipande cha akiba kinabaki, kihifadhi na andika nyuma yake ni ya mlango gani. Kata kwa msumeno wa chuma wa meno madogo, ukikata kwa grenda rangi ya juu inaungua, halafu piga tupa kingo. Na zikague dukani kwa kuzilaza juu ya kioo cha kaunta, zilizopinda zinajulikana hapohapo.

Sasa hivi umebaki mlango wa jikoni. Jikoni bado ni niru, mama ameanza kusema anataka kukaa kule asubuhi wakati watu wanapika, na mimi nataka aende. Marumaru za jikoni nimeshachagua, zile zenye ukwaruzo za sentimita 30 kwa 30, ni nyembamba kuliko za korido kwa milimita 2, na fundi yule mzee nimeshaongea naye aongeze gundi chini yake zije zilingane, tuweke profaili ya L ya 10 upande wa korido. Ila marumaru ya mwisho ya korido pale mlangoni ina ufa, lazima itolewe kwanza, nazungukia maduka natafuta toleo linalofanana na la zamani.